Nakala ya Tatu

Ghorofa ya nne, nje kidogo ya Washington.
Dirisha langu hutazama maegesho na theluji iliyogeuka tope.
Kazi yangu ni kusoma.

Rasimu ya kanuni imetangazwa: chupa za dawa za matone,
za macho mfuniko mwekundu, za masikio kijani,
watu wasizichanganye.
Umma umepewa siku sitini. Mlango u wazi mtandaoni,
hauna bawabu, hauna foleni.
Andika, bonyeza, tuma.

Wakatuma.
Elfu arobaini na moja walituma barua moja,
ileile, pamoja na koma yake iliyokosewa.
Mmoja alituma mapishi ya supu ya maboga.
Mmoja alitutukana kwa herufi kubwa, akamalizia "asanteni".
Kampuni ya vifuniko ilileta kurasa mia mbili na kumi
na wakili wa kuzisindikiza.

Programu yetu ni hodari wa kupepeta.
Zinazofanana huzifunga mtumba mmoja,
huzibandika neno NAKALA, huzisukuma chini
mahali ambapo jicho la mtu halilazimiki kufika.
"Usipoteze muda huko," alisema Bi Pruitt, na hakukosea:
tulikuwa wasomaji watatu.

Niliingia huko kwa kuteleza kidole.

Orvin Tveit, miaka themanini na mitatu, Dakota Kaskazini.
Siku tatu mfululizo, maneno yaleyale:

*Mabibi na mabwana,
nyekundu na kijani kwangu ni rangi moja tangu nizaliwe.
Jeshini walininyima urubani kwa hilo, sikuwalaumu.
Novemba nilitia dawa ya sikio jichoni.
Maumivu sitayaeleza.
Marehemu mke wangu alikuwa akifunga mpira
shingoni mwa chupa ya macho. Hata gizani kidole kilijua.
Mpira ulikatika baada yake,
nikafunga mwingine, kwenye chupa isiyo yake.
Nyinyi mna viwanda mnaoviamuru.
Wekeni kitu ambacho kidole kitasoma.*

Ya tatu ilizidi mstari:

*Sijui kama hii imefika. Kiduara kinazunguka tu.
Kama haijafika nitatuma tena kesho.*

Sikio la kufa halisikii dawa, ndivyo tusemavyo.
Letu halikuwa la kufa.
Lilikuwa limeziba kwa nta ya wingi,
na nta ile tuliipaka wenyewe, tukaiita mpangilio.

Kikaoni wakili alipiga hesabu ya senti kwa kila chupa.
Bi Pruitt akauliza, "Huyu si mtu mmoja tu?"
Nikasema: programu ilimpokea mara tatu,
kisha ikamhesabu sifuri.
Alivua miwani, akaifuta, akaifuta tena,
akaomba barua isomwe kwa sauti.
Niliisoma vibaya. Koo lilinikauka kwenye mpira.

Kumjibu siruhusiwi. Mfumo hauna kitufe hicho;
humpa mtu namba ndefu, ukamwacha nayo.

Miezi kumi na minne. Kifungu cha saba, aya ya pili:
*mfuniko wa dawa ya macho uwe na mbinuko
unaotambulika kwa mguso.*
Katika maelezo, kwa chapa ndogo:
*mtoa maoni mmoja alisema.*
Jina halimo. Mke hayumo. Mpira haumo.
Rangi zimebaki, na viwanda vimepewa miaka mitatu ya kujiandaa.
Themanini na mitano sasa, jumlisha mitatu:
hesabu hiyo niliiacha njiani.

Usiku wa siku ilipochapishwa nilizima taa ya bafuni,
nikapapasa rafu, chupa moja baada ya nyingine.
Zote duara. Zote laini.
Imefika, Bwana Tveit, nikasema gizani,
ila bado iko njiani.